MWALIMU APANDE NGAZI BILA KULIACHA DARASA

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, wazazi na wajumbe wa kamati za shule za msingi. Yameandikwa hapa ili yasomwe tena katika vikundi. Mwisho yapo maswali ya kujadiliana.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kazi ya ualimu: shida zake, na jinsi mwalimu anavyoweza kuendelea katika kazi hiyo. Najua wako wanaojiuliza moyoni, "Habari hizi zatuhusu nini sisi wakulima? Hayo si mambo ya walimu wenyewe na Serikali?"

Yanatuhusu sana. Tunapanda pamba, tunapanda mihogo, tunavua samaki, tunafuga. Katika kazi hizo zote tunajua kwamba jembe lisiponolewa, shamba halilimiki. Sasa, watoto wetu tunawapeleka kwa mwalimu kila asubuhi kwa muda wa miaka mingi. Je, tumewahi kuuliza mwalimu huyo ananolewa wapi? Anaendelea, au amesimama palepale? Na akiendelea, anabaki kwetu au anaondoka?

Leo nataka tuelewane juu ya jambo moja. Mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi huona kwamba njia ya kupanda ngazi ni kuliacha darasa. Jambo hili linawaumiza watoto wetu. Sehemu ya dawa iko Serikalini. Sehemu nyingine iko hapahapa kijijini, mikononi mwetu.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Wazee mliopo hapa mnaukumbuka mwaka 1974. Mwezi Novemba mwaka ule lilitolewa Azimio la Musoma. Azimio lilisema kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa rika la kusoma awe shuleni. Watu walifurahi. Wakafyatua matofali, wakajenga madarasa kwa nguvu zao. Lakini kukawa na swali moja gumu: nani atawafundisha watoto wote hawa? Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kama ule.

Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la 7. Hawakupelekwa chuoni kwanza. Walibaki vijijini. Walifundisha, na wakati huohuo wakajifunza kufundisha. Walisoma masomo kwa njia ya posta. Walisikiliza vipindi vya redio. Walikuwa na walimu wenye ujuzi wa kuwaongoza. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache tu. Watu wakawaita walimu wa UPE. Walikuwa maelfu kwa maelfu nchini kote.

Wako waliowacheka. Walisema, "Kipofu anamwongoza kipofu." Lakini hebu tujiulize: bila wao, watoto wa miaka ile wangefundishwa na nani? Na ninyi wazee mliosoma kisomo cha watu wazima, ni nani aliyewashika mkono mkaandika jina lenu kwa mara ya kwanza? Mara nyingi alikuwa ni mwalimu huyohuyo wa shule ya msingi. Asubuhi alifundisha watoto. Jioni alifundisha wazazi wao.

Walimu wale waliingia kazini kwa daraja la chini. Lakini hawakukaa hapo wote. Wengi walijiendeleza. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006, walimu wa daraja la B na la C walitakiwa wajiendeleze hadi kufika daraja la A. Mtu aliyekwisha kuwa na wajukuu akarudi kushika kitabu cha kidato cha 4! Alisoma usiku kwa taa ya chemli. Wako walioshindwa, na wako walioshinda.

Ndugu zangu, walimu wale na ninyi mlifanana. Ninyi mlijifunza huku mkilima. Wao walijifunza huku wakifundisha. Nawakumbusha habari hii ili tujue kwamba mwalimu si mtu aliyemaliza kusoma. Elimu haina mwisho, hata kwa yeye anayeitoa.

NGAZI ZA MWALIMU NI ZIPI?

Sasa tuangalie siku hizi mwalimu anaendeleaje. Njia zake ni 4.

Njia ya kwanza ni kupanda cheo akiwa palepale kazini. Mwalimu akiajiriwa huanza na cheo fulani na mshahara fulani. Mwenye cheti huanzia chini kuliko mwenye stashahada. Mwenye stashahada huanzia chini kuliko mwenye shahada. Kisha, baada ya miaka kadhaa ya kazi nzuri, anastahili kupandishwa. Akipanda, mshahara unapanda. Shughuli za kupandisha vyeo vya walimu wa Serikali, pamoja na nidhamu yao, zimo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Tume hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na ina ofisi zake hadi wilayani.

Njia ya pili ni kuongeza elimu. Mwenye cheti anakwenda kusomea stashahada. Mwenye stashahada anasomea shahada. Wengine huomba ruhusa kwa mwajiri wakaenda chuoni. Wengine husoma huku wakifundisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafaa watu wa namna hii, kwa sababu mtu husoma akiwa mbali.

Njia ya tatu ni uongozi. Mwalimu anakuwa mwalimu mkuu msaidizi, halafu mwalimu mkuu, halafu pengine Afisa Elimu Kata. Kule Bagamoyo kipo chuo cha kuwafundisha viongozi wa shule namna ya kuongoza. Watu hukiita kwa kifupi ADEM.

Njia ya nne ni ujuzi wa pekee. Kwa mfano, mwalimu anaweza kusomea kuwafundisha watoto wasioona, wasiosikia, au wenye akili nzito. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kinajulikana kwa kazi hiyo. Mwingine huingia katika uthibiti wa ubora wa shule, kazi ambayo zamani tuliita ukaguzi.

Sasa zitazameni vizuri njia hizi 4. Njia ya kwanza inamwacha mwalimu darasani. Njia ya pili mara nyingi inamtoa: akipata shahada yake, hutamani kwenda kufundisha sekondari. Njia ya tatu inamtoa pole pole. Mwalimu mkuu ana vipindi vichache, na Afisa Elimu Kata hana kabisa. Njia ya nne nayo inaweza kumpeleka mbali na kijiji.

Mimi mwenyewe ni mfano. Nilitoka chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya kijijini. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili: kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo naitwa afisa. Watu hunipongeza kwamba nimepanda. Lakini chaki sishiki tena kila siku. Wale watoto wa darasa la kwanza walibaki na nani?

Siku moja, katika mkutano wa kamati ya shule, mzee mmoja aliniuliza hivi: "Mwanangu, hebu nieleze. Mganga akiwa hodari, tunamwachia wagonjwa. Fundi akiwa hodari, tunamwachia nyumba. Mbona mwalimu akiwa hodari mnamwondoa kwa watoto?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, umesema kweli."

Tangu siku ile nimelifikiria sana swali lake.

VIKWAZO VYA KUPANDA

Ikiwa njia ya kwanza ndiyo inayomwacha mwalimu darasani, basi hiyo ndiyo ingetakiwa iwe nyepesi kuliko zote. Je, ni nyepesi? Hapana. Ina mawe njiani.

Jiwe la kwanza ni kungoja. Kupandisha watu vyeo kunahitaji fedha katika bajeti. Fedha zisipotengwa, mwalimu anangoja hata kama anastahili. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kwa muda kupandisha watumishi wake vyeo, ili kuwahakiki na kuwatoa watumishi hewa. Tena mwaka 2017 walitajwa watumishi wenye vyeti vya kughushi. Kazi ile ilikuwa na sababu yake. Lakini mwalimu mwenye cheti halali, aliyekuwa apande mwaka ule, naye akangoja pamoja na wengine. Kuanzia mwaka 2021 watumishi walianza tena kupandishwa kwa wingi. Baadaye waliochelewa walianza kusogezwa kwa utaratibu ambao walimu wanauita "mserereko", ili wawafikie wenzao walioanza nao kazi.

Kuchelewa huku si jambo dogo. Mshahara wa kazini ndio unaotumika kukadiria mafao ya uzeeni. Aliyechelewa kupanda leo anaweza kuliona pengo hilo hata akiwa na mvi.

Jiwe la pili ni karatasi. Jalada la mwalimu likikosa barua moja tu, jina lake linaweza kuachwa. Mwalimu aliye mbali na makao makuu ya wilaya hupoteza siku na nauli kwa kufuatilia. Siku hiyo darasa halina mtu. Siku hizi kazi nyingine hufanywa kwa simu na kompyuta. Hilo limepunguza safari. Lakini kama kijijini hakuna umeme wala mtandao wa simu ulio imara, shida inabaki.

Jiwe la tatu ni wingi wa watoto. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Tena kuanzia Januari 2016 Serikali ilianza mpango wa elimumsingi bila malipo, hadi kidato cha 4. Watoto wengi wakaingia shule. Ni jambo jema sana. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukueni penseli zenu.

Shule ina watoto 450 na walimu 5. Gawanya 450 kwa 5. Unapata 90. Basi kila mwalimu ana watoto 90. Kiwango kilichozoeleka kutajwa kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa watoto 45. Kwa kiwango hicho shule hii ingehitaji walimu 10. Ina nusu tu.

Haya, tuendelee. Mwalimu anasahihisha madaftari 90. Kila daftari anatumia dakika 1 tu. Hizo ni dakika 90, yaani saa 1 na nusu, kwa somo moja. Na anafundisha masomo mangapi kwa siku? Atasahihisha saa ngapi? Ataandaa somo la kesho saa ngapi? Na kitabu chake mwenyewe cha kujiendeleza atakisoma saa ngapi?

Sasa mwalimu mmoja kati ya wale 5 akipata nafasi ya kwenda kusoma, wanabaki 4. Kila mmoja atakuwa na watoto zaidi ya 110. Ndiyo maana mwalimu mkuu mwingine husita kupitisha barua ya mwenzake. Si kwamba ana roho mbaya. Anaogopa darasa litabaki tupu.

Jiwe la nne ni mahali pa kuishi. Mwalimu kijana anafika na sanduku lake. Nyumba ya shule hakuna. Anapewa chumba kinachovuja. Maji yako mbali. Kama ni mwalimu wa kike, na zaidi kama ana mtoto mchanga, usalama wake na umbali wa zahanati ni jambo la kwanza kulifikiri. Kama ameolewa, mume wake yuko mkoa mwingine. Mtu wa namna hii hafikirii namna ya kuendelea akiwa hapo. Anafikiria namna ya kuhama. Na mtu anayefikiria kuhama hapandi mwembe.

Jiwe la tano ni mabadiliko ya masomo. Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika. Mwalimu aliyetoka chuoni miaka 15 iliyopita alifundishwa kwa mtaala mwingine. Asipopata mafunzo mapya, atafundisha mambo mapya kwa njia ya zamani, au atababaika mbele ya watoto.

SHULE YENYEWE NI CHUO

Hata hivyo, liko jambo moja la kututia moyo. Upo mpango uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kwa kifupi walimu huuita MEWAKA. Katika mpango huu walimu hawangoji kuitwa semina mjini. Wanakutana shuleni kwao wenyewe. Mwalimu mmoja anasema, "Mimi nashindwa kufundisha sehemu za hesabu, yaani nusu na robo." Mwingine anasema, "Mimi nilitumia chungwa. Nikalikata vipande mbele ya watoto, wakaelewa." Wanajadiliana. Wanakwenda kuona mwenzao anavyofundisha. Wanarudi na kusahihishana.

Jambo hili si geni kwenu. Ninyi katika kisomo mlikaa kwenye kikundi mkajadiliana. Mliposikiliza kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973, mlikaa vikundi vikundi. Mlisikiliza, mkajadiliana, kisha mkaenda kuchimba vyoo. Walimu nao sasa wanafanya hivyo kwa ajili ya kazi yao.

Lakini mazungumzo ya namna hii yanahitaji muda. Nimesikia kijiji kimoja wazazi wakilalamika: "Walimu wamekaa chini ya mti wanapiga soga, watoto wanacheza!" Kumbe ile ilikuwa siku ya mafunzo yao. Hakuna aliyewaeleza wazazi. Basi walimu wakaacha kukutana, kwa kuogopa maneno. Nani aliyepata hasara? Ni watoto walewale.

Kwa hiyo nasema hivi: mwalimu mkuu awaambie wazazi mapema siku na saa ya mafunzo. Nao wazazi wauheshimu muda huo. Na ni vizuri uwe ni muda usiokula vipindi vya watoto.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Hatuwezi sisi hapa kumpandisha mwalimu cheo. Hatuwezi kuongeza mshahara wake. Hayo ni ya Serikali, na chama chao cha walimu kinayasemea. Lakini yapo ambayo sisi tunaweza.

Kwanza, nyumba. Nyumba moja nzuri ya mwalimu, yenye choo na mahali pa kuvuna maji ya mvua, inaweza kumbakiza mwalimu kuliko hotuba 10. Kazi hii lazima ipite katika mkutano mkuu wa kijiji. Watu wakubaliane kwa hiari, na hesabu ziandikwe. Na tukumbuke: mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Huo ndio msimamo wa Serikali tangu mpango wa bila malipo uanze. Asiye na fedha anaweza kutoa mchanga, mawe, maji, au siku yake moja ya kazi.

Pili, mapokezi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu mgeni naye apewe jembe, na pa kulitumia. Mpeni kipande cha shamba la kulima mboga. Mwonyesheni kisima. Mjulisheni kwa wazee. Mwenye kuitwa kwenye arusi na kwenye msiba hujiona ni mtu wa hapo.

Tatu, kamati ya shule ifanye kazi yake. Wajumbe msikae tu kusikiliza na kugonga muhuri. Ninyi mnajua kusoma sasa! Taarifa ya fedha za shule ikibandikwa ukutani, isomeni. Mpango wa shule ukiletwa, ulizeni: "Mafunzo ya walimu wetu yamo humu? Lini? Kwa fedha gani?" Mwalimu mmoja akienda kusoma, ulizeni mapema: "Vipindi vyake vitagawanywaje?" Msingoje darasa libaki tupu ndipo mshtuke.

Nne, ushuhuda. Mwalimu akifanya vizuri, semeni. Mzazi mwenye mtoto aliyekuwa hajui kusoma, sasa anasoma, aseme mbele ya Afisa Elimu Kata. Kamati iandike barua ya shukrani kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Barua hiyo haimpandishi mtu cheo. Lakini inamwonyesha kwamba kazi yake imeonekana. Sisi ni wepesi wa kuandika barua za kulalamika. Za kushukuru je?

Tano, watoto wetu wenyewe waingie ualimu. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa hapa anajua lugha ya hapa, na hali ya hapa haimtishi. Lakini nani kati yetu anamwambia mtoto wake anayefaulu, "Uwe mwalimu"? Tunasema, "Uwe daktari, uwe injinia." Ualimu tunaufanya kuwa kazi ya aliyekosa nyingine. Tukiidharau kazi, tusishangae kuipata imedharauliwa. Njia ya kwenda chuo cha ualimu hupitia kidato cha 4 au cha 6, na ufaulu mzuri. Sifa zinazotakiwa hutangazwa. Mwulizeni mwalimu mkuu wa sekondari iliyo karibu.

MWALIMU NAYE

Sitaki mfikiri kwamba nimekuja kuwatetea walimu tu. Hapana. Mwalimu naye ana wajibu.

Yuko mwalimu anayesema, "Sijapandishwa, basi sifundishi." Huyo anamwadhibu asiyemkosea. Mtoto wa darasa la pili hakukaa kwenye bajeti. Yuko mwalimu anayesomea shahada kwa kuiba vipindi vya watoto. Yuko anayefika shuleni saa 4. Yuko anayelewa. Hao msiwanyamazie, wala msiwapige au kuwatukana njiani. Zungumzeni kwanza na mwalimu mkuu. Kama hakuna mabadiliko, jambo liende kwenye kamati ya shule. Kisha liende kwa Afisa Elimu Kata, na kutoka hapo wilayani. Andikeni tarehe na jambo lililotokea. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa kuliko uvumi.

Na mwalimu anayetaka kuendelea asingoje tu. Atunze barua na vyeti vyake vyote mahali pamoja. Ahakikishe jalada lake wilayani limekamilika. Asome hata kama hajapata nafasi ya chuo. Aandae somo lake kila siku. Ashirikiane na wenzake. Kukua kwa mwalimu kuna sehemu mbili: cheo chake, na uhodari wake. Cheo hutolewa na wengine. Uhodari anaujenga yeye, na hakuna anayeweza kuusimamisha.

JAMBO LA KUSEMA KWA SAUTI

Nirudi kwa swali la yule mzee. Mbona mwalimu hodari tunamwondoa kwa watoto?

Mimi naona hivi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewafanya watoto 90 wajue kusoma ni mtaalamu mkubwa. Kazi yake ni ngumu kuliko ya wengi wanaokaa ofisini, mimi nikiwamo. Basi awe na ngazi ndefu ya kupanda hapohapo darasani. Apande kwa wakati, alipwe vizuri, aheshimiwe, na asilazimike kutafuta ofisi ili watoto wake mwenyewe wapate ada na viatu. Anayependa kuwa mkuu wa shule awe. Anayependa sekondari aende. Lakini anayependa kubaki na watoto wadogo asionekane kuwa amebaki nyuma.

Hili tulisema katika mikutano. Viongozi wakija, tunawaomba barabara, tunawaomba maji. Ni sawa. Tuwaambie na hili: "Mwalimu wetu wa darasa la kwanza amefanya kazi miaka mingi kwa sifa. Amepanda mara ngapi? Kama hajapanda, kwa nini?" Mwananchi anayeuliza swali la namna hii anamsaidia mwalimu, na anamsaidia mtoto wake.

Mwalimu akiwa na nyumba kijijini, akiwa na wenzake wa kujifunza nao, akipanda ngazi kwa wakati, na akijua kwamba wazazi wanaiona kazi yake, hana sababu ya kukimbia. Atabaki. Na watoto wa watoto wetu watamkuta.

Sasa ni zamu yenu kusema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Shule yetu ina watoto wangapi na walimu wangapi? Gawanyeni. Kila mwalimu ana watoto wangapi?

2. Katika miaka 5 iliyopita, ni walimu wangapi waliondoka shuleni kwetu? Waliondoka kwa sababu gani?

3. Walimu wetu wanaishi wapi? Kijiji kinaweza kufanya nini mwaka huu?

4. Je, walimu wetu wana siku ya kukutana na kujifunza pamoja? Wazazi wanaijua siku hiyo?

5. Ni mwalimu gani aliyekufundisha wewe kusoma na kuandika? Mwandikieni barua fupi ya shukrani. Kama yu hai, mpelekeeni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Jalada: faili la karatasi za mtu kazini.

Kughushi: kutengeneza cheti au karatasi ya uongo.

Mafao: fedha anazolipwa mtu akiacha kazi kwa uzee.

Mtaala: mpango wa masomo yote yanayofundishwa shuleni.

Stashahada: elimu iliyo juu ya cheti na chini ya shahada.

Mtumishi hewa: jina linalolipwa mshahara bila kuwapo mtu anayefanya kazi.